Chuma cha Waqfu: Ibra ya Reli ya Hijazi

Ndugu msomaji, kila siku ya Ijumaa husomwa Suratul-Kahf majumbani mwetu na misikitini mwetu, na wengi wetu twakijua vyema kisa cha Dhul-Qarnayn. Watu dhaifu walimwendea wakimtaka awajengee kizuizi baina yao na Yajuj na Majuj, wakamuahidi ujira. Ujira akaukataa. Alilowataka ni nguvu za mikono yao na vipande vya chuma. Chuma kikakusanywa, kikapangwa baina ya majabali mawili, moto ukavuviwa hata kikawa chekundu, kisha ikamiminwa juu yake shaba iliyoyeyuka. Hiyo ilikuwa kazi ya manufaa ya watu wote, iliyojengwa kwa chuma walichokileta watu wenyewe, chini ya kiongozi asiyetaka kuifanyia biashara.

Leo twapenda kukusimulia kazi nyingine ya chuma, iliyo karibu zaidi na zama zetu, nayo ni Reli ya Hijazi. Wengi wamesikia jinsi ilivyojengwa na jinsi ilivyovunjwa. Wachache wamejiuliza chuma chake kilikwenda wapi. Na katika suali hilo limo fundisho kubwa kwetu sisi watu wa pwani, ambao kila siku twabomoa na kujenga, twang'oa na kuuza, bila ya kufikiri sana kile tunachokitupa ni mali ya nani na kingali na nguvu kiasi gani.

KAZI ILIYOANZA KWA SADAKA

Mwaka 1900 Sultan Abdul Hamid wa Pili, aliyekuwa Istanbul, alitangaza kujengwa njia ya reli kutoka Damascus katika nchi ya Sham hadi Madina, na nia ilikuwa ifike Makka. Wakati ule msafara wa mahujaji uliotoka Damascus kwa ngamia ulichukua kiasi cha siku arubaini kufika Madina. Njiani kulikuwa na kiu, maradhi na wanyang'anyi, na wengi walizikwa mchangani kabla ya kuiona Rawdha ya Mtume (S.A.W.).

Dola ya Kituruki ilikuwa na madeni mengi kwa mabenki ya Ulaya, na Sultan hakutaka reli ya mahujaji iwekwe rahani kwao. Basi akawaomba Waislamu. Yeye mwenyewe akatoa kwanza. Watumishi wa serikali wakakatwa sehemu ya mishahara yao. Ngozi za wanyama waliochinjwa Idi Kubwa zikakusanywa na kuuzwa, na thamani yake ikatiwa katika mfuko wa reli. Michango ikaja kutoka Misri, kutoka Bara Hindi na nchi nyinginezo. Huko Punjab mhariri wa gazeti, Muhammad Inshaullah, alifanya kazi kubwa ya kuwahimiza Waislamu wa Bara Hindi wachangie, na waliotoa walipewa nishani za ukumbusho.

Kazi ilianza mwaka huo huo wa 1900. Mhandisi mkuu alikuwa Mjerumani, Heinrich August Meissner, lakini mikono iliyochimba na kubeba ilikuwa khasa ya askari wa dola. Maji yalikuwa adimu na kipindupindu kiliwaua wengi. Ilipofika mwaka 1908 gari la moshi la kwanza likaingia Madina, na tarehe 1 Septemba mwaka huo njia ikafunguliwa rasmi, urefu wake kiasi cha kilomita 1,300. Safari ya siku arubaini ikawa ya siku tatu hivi.

Na kwa kuwa fedha zake zilikuwa za sadaka, reli hii ilihesabiwa kuwa ni waqfu wa Waislamu wote. Neno hilo lishike, ndugu msomaji, kwani ndilo litakaloturudisha katika suali letu.

KWA NINI CHUMA CHINI NA JUU

Katika reli nyingi za zama zile, mataruma yanayolala chini ya reli yalikuwa ya mbao. Katika Hijazi mbao hazikufaa. Nchi ile haina miti ya kutosha, jua lake hupasua mbao, na katika nyika isiyo na kuni gogo zuri lililolazwa chini halikai muda mrefu kabla ya kuchukuliwa likapikiwe. Kwa hiyo njia kubwa ya jangwani ilitandikwa mataruma ya chuma cha pua. Reli zenyewe ziliagizwa mbali, nyingine zilitoka Ubelgiji na nyingine Marekani. Hata leo, vipande vilivyobaki huonekana vikiwa na majina ya viwanda vilivyovisubu.

Basi fikiri jambo hili. Yule bibi wa kijijini aliyetoa ngozi ya mbuzi wake wa Idi, ngozi ile iligeuka senti, senti zikageuka chuma, na chuma kikalazwa mchangani ili mtu asiyemjua apite juu yake kwenda kumzuru Mtume. Hiyo ndiyo sadaka yenye kuendelea. Lakini chuma ni kitu cha dunia, na cha dunia hufikwa na ya dunia.

CHUMA WAKATI WA VITA

Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza, Waturuki walitaka haraka njia ya reli ya kupeleka askari kusini mwa Palestina. Meli za maadui zilikuwa zimefunga bahari, na chuma kipya hakikuweza kufika. Wakafanya nini? Waling'oa reli za njia nyingine. Njia ya Wafaransa iliyotoka Damascus kwenda Muzayrib ilikuwa ikienda sambamba na Reli ya Hijazi. Ikang'olewa, na vyuma vyake vikapelekwa kutandikwa mahali pengine. Sehemu ya njia baina ya Jaffa na Lydda nayo ikafanyiwa hivyo hivyo. Mwaka 1915 njia mpya ikafika Bi'r as-Sab'. Chuma kile kile kikafanya kazi mpya bila ya kurudi tanurini.

Lakini angalia na upande wa pili. Makaa ya mawe nayo yalikosekana, na injini zikalishwa kuni. Misitu ya Shobak ikakatwa, na hata mizaituni iliyokuwa riziki ya watu haikusalimika. Chuma kilichong'olewa huku kikatandikwa kule. Mti uliotiwa motoni hauna marejeo. Huo ndio utofauti wa vitu viwili hivi katika mikono ya mwanadamu, na yataka tuujue.

Mwaka 1916 Sharifu Husein wa Makka aliasi dhidi ya Waturuki, na reli ikawa shabaha. Mwanzoni mabaruti yalitegwa kwenye reli zenyewe. Mafundi wa Kituruki walikuja, wakaondoa kipande kilichovunjika, wakatia kingine, na baada ya muda mfupi magari yakapita. Ndipo T. E. Lawrence, ofisa wa Kiingereza aliyekuwa pamoja na Waarabu, na wenziwe, wakatumia njia nyingine. Baruti ndogo ilitiwa chini ya taruma la chuma katikati, likapinda kwenda juu mfano wa ua, na kwa kupinda kwake likazivuta reli za pande zote mbili zikapotoka. Hapo fundi hakuwa na la kufanya. Chuma kilichokatika hutumika, chuma kilichopotoka hivyo hakilali tena chini ya gurudumu. Maadui walielewa kuwa nguvu ya reli ile ilikuwa katika kutumika mara ya pili na ya tatu, na hiyo ndiyo waliyoikusudia kuivunja.

Madina ilishikiliwa na jeshi la Kituruki hadi Januari 1919. Baada ya vita nchi zikagawanywa, na njia ikagawanywa pamoja nazo. Mwaka 1923, katika mkutano wa Lausanne, Uingereza na Ufaransa zilikubali kwa maneno kwamba reli ile ina sifa ya kidini, na zikapendekeza baraza la Waislamu la kuishauri. Maneno yakabaki maneno. Upande wa kusini wa Ma'an magari yakaacha kupita katika miaka ya 1920. Katika miaka ya 1960 kazi ya kuifufua ilianza, kisha vita vya 1967 vikaja na kazi ikasimama.

RELI IKAWA BORITI

Sasa ndipo tufike katika suali letu. Maelfu ya tani za chuma cha pua yamelala jangwani, hakuna gari linalopita, hakuna mlinzi. Watu wa vijiji walio pembezoni mwa njia wakaanza kuchukua.

Sisi wa pwani tutawaelewa upesi kuliko wengine. Nyumba zetu za mawe za zamani, Lamu, Mombasa na Unguja, zilipimwa kwa boriti. Upana wa chumba haukuzidi sana mita mbili na nusu au tatu, kwani boriti ya mkoko haibebi dari ya mawe na chokaa zaidi ya hapo. Boriti hizo hizo zilipakiwa majahazini kupelekwa Arabuni, ambako miti ni haba. Sasa mfikirie mtu wa kaskazini ya Hijazi, au wa kusini ya Jordan, asiye na mti wala jahazi la kumletea boriti, na mbele ya mlango wake upo mzigo wa chuma kilichonyooka, kisicholiwa na mchwa. Akachukua reli akaifanya boriti ya dari. Akachukua taruma akalifanya kizingiti cha mlango. Mengine akayasimamisha yakawa nguzo za ua wa mbuzi. Hata sasa wasafiri wanaopita katika vijiji hivyo huviona vyuma hivyo vikiwa kazini.

Si kila kitu kilikwenda hivyo. Kule Jordan sehemu ya njia ya zamani ilitengenezwa na kuunganishwa na reli mpya ya kupeleka fosfeti bandarini Aqaba, iliyofunguliwa mwaka 1975. Stesheni ya Madina imekuwa makumbusho, na ile ya Madain Saleh imehifadhiwa pamoja na karakana yake. Mwaka 2018 reli mpya ya umeme ikafunguliwa baina ya Makka na Madina, kilomita 450 hivi, na hivyo safari ya reli aliyoiota Sultan kati ya miji miwili mitukufu ikapatikana baada ya zaidi ya miaka mia, kwa njia nyingine na kwa chuma kingine.

Lakini je, yule mwanakijiji aliyeezeka kwa reli ya waqfu ni mwizi, au ni mtu aliyeokoa mali isiharibike?

WASEMAVYO WANAVYUONI

Katika Hauran, nchi ile ile ambayo Reli ya Hijazi huipita kwenye mji wa Deraa, kuna mji uitwao Nawa. Huko ndiko alikozaliwa Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, yaani 1277. Kitabu chake Minhaj kimesomeshwa katika pwani yetu na masheikh kwa vizazi vingi. Karne sita na zaidi kabla ya reli kufika nchini kwake, imamu huyu aliizungumza mas'ala inayofanana sana na yetu: msikiti una mikeka iliyochakaa na magogo ya dari yaliyovunjika, je, yafaa kuuzwa?

Jawabu aliloliona kuwa sahihi zaidi ni kwamba yafaa, ikiwa magogo hayo hayafai tena kitu isipokuwa kuchomwa. Na masharihi wa kitabu wakalifafanua sharti hilo kwa jambo linalostahili kuandikwa katika kila karakana: ikiwa gogo lililovunjika laweza kupasuliwa mbao au kutengenezwa mlango, basi haliuzwi, hutumika. Na linapouzwa, thamani yake ni ya msikiti. Wanavyuoni wa madhehebu ya Hanbali na Hanafi wao wameifungua zaidi njia ya kuibadilisha waqfu iliyoharibika, kwa masharti yake, ili manufaa yasikatike.

Tazama mpango ulivyo. Kwanza, kitumie kilivyo. Kikishindikana, kitengeneze kiwe kitu kingine. Kikishindikana hicho, ndipo kiuzwe, na thamani irudi palepale kilipotoka. Kwa mizani hiyo, mwanakijiji wa Hijazi hana haki ya kuimiliki reli ya waqfu kwa kuwa tu ameikuta haina mlinzi. Kukosekana mlinzi hakuondoi umilikaji. Ila lawama kubwa zaidi ni ya wale waliokuwa na mamlaka, wakaiacha mali ya Waislamu ikaliwa na kutu na mchanga bila ya kuiangalia wala kuitia katika kazi nyingine ya manufaa, kama vile daraja, kisima au paa la shule. Mtu maskini alichukua kipande. Wao waliiacha njia nzima.

WASEMAVYO MAFUNDI

Na la ajabu ni kwamba mafundi wa zama hizi, bila ya kuisoma Minhaj, wamefika katika mpango huo huo. Kuzalisha tani moja ya chuma cha pua kutoka machimboni hutumika karibu tani moja na nusu ya mawe ya chuma na zaidi ya nusu tani ya makaa, na moshi wa hewa ya ukaa unaotoka huwa kiasi cha tani mbili. Dunia huzalisha karibu tani bilioni mbili za chuma cha pua kila mwaka. Chuma kilichokwishatumika kikiyeyushwa katika tanuri la umeme, nishati na moshi hupungua sana. Na chuma hakichoki: hicho kilichokuwa meli chaweza kuwa nondo, na nondo ikawa reli, ilimradi hakikuchanganywa na vitu vya kukiharibu. Shaba ikiingia kwa wingi katika chuma cha kuyeyushwa ni taabu kuitoa, na chuma hicho hupasuka kinapofinywa kikiwa moto. Ndiyo maana chuma chakavu hakina budi kuchambuliwa kama mchele.

Lakini kuyeyusha nako ni moto. Lililo bora zaidi, wasema mafundi, ni kuichukua boriti ya chuma ya jengo la zamani ikiwa nzima, ikapimwa, ikakatwa kwa urefu unaotakiwa, na ikatiwa katika jengo jipya au daraja jipya. Hapo hapana tanuri kabisa. Kwa hiyo wanahimiza majengo yafungwe kwa parafujo badala ya kuchomelewa mahali panapowezekana, ili siku ya kuyafungua yafunguke bila ya kupotoshwa. Somo la taruma lililopindishwa mfano wa ua limewafikia na wao.

SISI NA CHUMA CHETU

Ndugu msomaji, usidhani haya ni ya Sham na Hijazi tu. Pwani yetu ina mtihani wake.

Mtihani wa kwanza ni wa uaminifu. Januari 2022 sehemu kubwa ya Kenya ilipoteza umeme baada ya minara ya nyaya kuanguka, na serikali ikasema vyuma vyake vilikuwa vimeng'olewa. Mwezi ule ule biashara ya vyuma chakavu ikapigwa marufuku nchini, kisha marufuku ikaondolewa baadaye mwaka huo kwa masharti ya leseni. Wafanya biashara wengi waaminifu walikula hasara kwa makosa ya wachache. Chuma cha mnara, cha daraja, cha kingo za barabara na cha mfuniko wa mtaro ni amana ya umma. Anayeking'oa ili akiuze kwa kilo, na anayekinunua huku akijua, wote wawili wamo katika khiyana moja. Kutumia tena chuma ni jambo jema. Lakini wema huo huanza na suali la kwanza: ni cha nani?

Mtihani wa pili ni wa elimu. Hewa ya bahari yetu ni chumvi, na chumvi ni adui wa chuma. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883 kwa nguzo za chuma zilizoletwa kutoka nje, ilistaajabisha watu kwa zaidi ya karne. Lakini Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka na watu wakapoteza maisha. Jengo lolote hutaka kuangaliwa, na lenye chuma pwani hutaka zaidi. Kadhalika, nondo iliyotiwa katika zege la mchanga wa bahari huoza ndani kwa ndani, ikavimba na kuipasua nguzo. Basi asije mtu akaokota chuma chakavu kilicholiwa na kutu akakitia katika dari ya madrasa kwa kuwa ni rahisi. Kumwekea mtoto wa mwenzio boriti usiyoijua nguvu yake si uwekevu, ni kuihatarisha roho yake.

Mtihani wa tatu ni wa misikiti yetu. Kila mwaka misikiti ya zamani hubomolewa ijengwe mikubwa zaidi, na jambo hilo ni la kheri. Lakini boriti za chuma, milango, madirisha ya nondo na mabati yaliyotolewa huenda wapi? Mara nyingi hupakiwa gari moja jioni moja, kwa bei ya haraka, bila ya kuandikwa. Yatupasa kumuuliza mutawalli na kamati, kwa adabu, mambo matatu yale yale ya Minhaj: je, chaweza kutumika kilivyo? Je, chaweza kugeuzwa kitu kingine cha msikiti, au cha madrasa yake? Na kama kimeuzwa, thamani imeingia katika daftari gani? Mutawalli mwema atafurahi kuulizwa, kwani hesabu iliyo wazi humlinda yeye kabla ya kumlinda mwingine.

Na majumbani mwetu mambo ni hayo hayo kwa udogo wake. Lango la chuma lililochoka, kitanda kilichovunjika, ngazi, nondo zilizobaki za ujenzi: fundi akitazama atakwambia lipi la kutengenezwa na lipi la kwenda kuyeyushwa. Israfu si katika chakula peke yake.

Mwenyezi Mungu ameiita sura nzima ya Qur'ani kwa jina la chuma, nayo ni Suratul-Hadid, na ndani yake ametukumbusha kuwa katika chuma mna nguvu kali na mna manufaa kwa watu. Reli ya Hijazi iliyaona yote mawili. Nguvu yake ilitumika kuua, na manufaa yake yalimfikisha hujaji Madina na kumfunika maskini asinyeshewe. Chuma kilikuwa kimoja. Waliotofautiana ni wale waliokishika.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atufanye miongoni mwa wanaoilinda amana, wasiofanya ubadhirifu wa neema zake, na azikubali sadaka za wale waliotoa kwa ajili ya njia ile, ingawa chuma chake kimetawanyika. Amin.